Hivi kombe wanaona? Kwa nini wa mwambani awe na macho na wa mchangani asiwe nayo?

#1 Bamvua (mleta mada)

Habari za jioni wakuu.

Nina swali limenikaa kichwani tangu mwezi uliopita. Nilikwenda Mafia kwa shughuli za familia, siku ya pili binamu yangu akanipeleka kwenye matumbawe na miwani ya kuzamia. Kwenye kina cha kama mita mbili nikamwona yule kombe mkubwa aliyejichimbia ndani ya jiwe, mdomo wazi, mnofu wake umetandazwa nje kama kitambaa, buluu na kahawia yenye madoa. Nikanyoosha mkono nimguse. Sijafika hata nusu ya njia, akafunga. Nikangoja, akafunguka polepole. Safari hii nikapitisha mkono juu yake, mbali kabisa, bila kushuka. Akajikunja tena.

Sikumgusa wala sikuyatibua maji. Tulipopanda juu binamu akasema, "Anakuona huyo." Nilicheka, mpaka tuliporudi chini akanionyesha vidoa vidogo vyeusi vilivyojipanga ukingoni mwa ule mnofu kama shanga.

Mimi nimekulia pwani, nimeokota kombe na chaza na bibi yangu tangu nina miaka sita. Kombe wa mchangani sijawahi kumkuta na kitu kinachofanana na jicho. Hoja yangu ni kwamba maisha ya mnyama ndiyo yanayompa macho au kumnyima. Anayejizika hana cha kutazama, anayekaa wazi lazima atazame. Nisahihisheni.

#2 Doto_Mtwara

Kumbe miaka yote tunawaweka kwenye sufuria wakiwa wanatutazama. Nimekaa mbele hapa, nasubiri wataalamu.

#3 MwalimuWaViumbe

Bamvua, binamu yako yuko sahihi. Huyo ni wa jenasi Tridacna. Pwani yetu wanaonekana zaidi aina mbili, maxima na squamosa. Lile jitu lenyewe, gigas, ambalo linaweza kupita kilo 200, haliko huku kwetu.

Hivyo vidoa ni macho na ni mamia. Kila jicho halifiki nusu milimita na halina lenzi. Ni kishimo chenye tundu dogo juu, sawa na kamera ya kisanduku ambayo wanafunzi wangu huitengeneza kwa boksi na tundu la sindano. Mwaka 2003 Mwingereza Michael Land alipima macho ya maxima akakuta uwezo wake wa kutofautisha vitu ni takriban nyuzi 16 za pembe. Nyoosha mkono mbele yako, panua vidole: kitu chembamba kuliko shubiri hiyo, kombe hakioni vizuri. Hawezi kukujua sura. Anajua tu kwamba upande fulani pamekuwa na giza, na kwamba giza hilo linasogea.

Kwa nini anayahitaji? Ndani ya ule mnofu anafuga miani midogo isiyoonekana kwa jicho. Miani hiyo inatengeneza chakula kwa jua, na yeye anakula sehemu yake. Basi hana hiari, lazima auanike mnofu mchana kutwa, na samaki wanaupenda. Akifunga muda wote atakosa chakula, akifungua bila mlinzi ataliwa. Kwa hiyo naiunga mkono hoja yako, kwa huyu mmoja angalau.

#4 ShangaziTondo

Kabla hamjaenda mbali, tuelewane majina. Kombe ni kombe, chaza ni chaza, panga ni panga, tondo ni tondo wa mikokoni. Huyo wa Mafia kwetu hatumwiti kombe. Mkichanganya majina mtachanganya na macho.

#5 Doto_Mtwara

Shangazi, kwetu kila chenye ganda mbili ni kombe, labda awe chaza. Tusameheane leo, kesho tutafungua uzi wa majina peke yake.

#6 Mkonjo_Wete

Mimi ni mvuvi wa pweza, baba yangu alikuwa mvuvi wa pweza. Jibu naliona jepesi. Mwenye ganda zito hahitaji macho, na aliyevua ganda lazima aone. Angalieni pweza. Babu zake walikuwa na maganda, yeye hana, na macho yake hayana mfano baharini. Unakuja na fimbo yako taratibu, yeye ameshakuona kabla hujaliona shimo lake. Ngisi vilevile. Dome vilevile, naye ganda lake limebaki kipande cheupe cha ndani tu. Lakini yule nautilasi wa bahari za mbali, ambaye ni wa ukoo wao na ganda bado analo, jicho lake ni tundu tupu lisilo na lenzi. Ganda likiondoka, jicho hukua.

#7 KipepeoWaBahari

Mkonjo hapo juu, hoja nzuri ila inavunjikia kwa konokono wa baharini wasio na ganda, wale wa rangi kali ambao wazamiaji hupenda kuwapiga picha. Wamevua ganda zamani, na macho yao ni vidoa viwili vilivyofunikwa na ngozi, vinavyotofautisha mwanga na giza na si zaidi sana. Wao walichagua sumu na ladha mbaya. Kwa hiyo ganda likiondoka zipo njia zaidi ya moja.

#8 Mkonjo_Wete

Nimekubali nusu. Konokono hao wanatambaa, pweza anawinda. Basi niseme hivi: mwindaji ndiye mwenye macho.

#9 NewBedford_Mswahili

Salaam kutoka Massachusetts. Nilifanya kazi ya kusafisha skalopu kwa misimu mitatu, ngojeni niwape habari ya huyu. Ana ganda mbili kama feni, na kandokando ya mnofu wake pamejaa macho, kila moja kama kichwa cha pini. Wale wadogo wa ghubani, Argopecten irradians, macho yao ni ya buluu kali kama ushanga wa kioo. Ukimweka hai kwenye beseni na kupita mbele yake, anafunga.

Na anaogelea. Anafungua na kufunga ganda haraka haraka, maji yanatoka kwa nguvu, anaruka kama meno ya bandia yanayotafuna hewa. Kile kipande cheupe cha nyama kinacholiwa mahotelini ni msuli huohuo wa kufungia ganda. Huku macho yote hutupwa pamoja na mnofu. Siku ya kwanza nilishindwa kuendelea na kazi, nilikuwa naona macho 2,000 yananitazama kutoka kila skalopu.

Kwa hiyo Mkonjo, huyu hawindi. Anachuja vijani vya majini kama kombe mwingine yeyote. Lakini anatembea. Mimi nasema anayetembea ndiye mwenye macho.

#10 MwalimuWaViumbe

Macho 2,000 kwa ndoo nzima sawa, lakini skalopu mmoja hafiki huko. Wenye mengi sana hufika kama 200. Hilo lenyewe linatosha kushangaza.

#11 NewBedford_Mswahili

Asante mwalimu. Nilikuwa nahesabu kwa uchovu.

#12 FundiMiwani

Nikisikia macho ya skalopu lazima niingie. Kazi yangu ni kusaga lenzi, duka dogo tu, lakini jicho hili nililisoma kwa mwezi mzima nikakosa usingizi.

Jicho lako na langu linatumia lenzi kukusanya mwanga. Jicho la skalopu lina lenzi, ila lenzi yake haifanyi kazi kubwa. Nyuma kabisa kuna kioo, kioo hasa cha kurudisha mwanga, kilichopinda kama sahani ya ndani ya taa ya gari. Mwanga unaingia, unapita retina (ule utando wa ndani unaohisi mwanga) bila kutengeneza picha, unagonga kioo, unarudi, na picha inatokea wakati wa kurudi. Land huyohuyo aliyetajwa na mwalimu ndiye aliyeligundua hilo miaka ya 1960.

Sasa kioo chenyewe kimetengenezwa na nini? Fuwele za guanini, kitu kilekile kinachong'arisha magamba ya samaki. Mwaka 2017 watafiti wakaziangalia kwa darubini kali wakakuta kila fuwele ni mraba mwembamba mno, zimepangwa kama vigae vya sakafu, tabaka 20 hadi 30 moja juu ya jingine. Fuwele za guanini zikiachwa zijiundie zenyewe hazipendi kuwa mraba. Mnyama ndiye anayezilazimisha. Mimi nina mashine na nina vipimo, na bado kupata uso uliopinda sawasawa kwa kiwango hicho ni jasho. Yeye anaifanya kazi hiyo ndani ya nafasi ya milimita moja, mara 200.

Na ana retina mbili kwa kila jicho. Moja hushtuka mwanga unapopungua, nyingine unapoongezeka. Sielewi kwa nini kombe apewe vyote hivyo kwa kazi ya kufunga mlango tu.

#13 Bamvua

FundiMiwani umenitoa machozi. Endeleeni wakuu, nasoma kila neno.

#14 KipepeoWaBahari

Fundi, labda si kwa kufunga mlango tu. Mwaka 2008 Speiser na Johnsen, watafiti wa Marekani, waliwaweka skalopu mbele ya kioo cha kompyuta wakawaonyesha picha za chembe zinazopita, kana kwamba ni chakula kinachoelea. Kasi na ukubwa wa chembe vilipofaa, skalopu walifungua maganda yao zaidi. Hawakupewa chakula chochote, picha peke yake. Kwa hiyo macho hayo yanaweza kuwa yanamwambia pia kwamba mkondo huu una chakula, panua mdomo.

#15 Kigamboni_Diver

Nina mtu wa kuwavurugia wote: Spondylus. Kombe mwenye miiba, amejibandika kwenye mwamba kwa saruji yake mwenyewe. Akishabandika ndiyo basi, haondoki mpaka kufa. Haogelei, hatembei, hawindi. Na kandokando ya mnofu ana macho ya kioo, yaleyale ya skalopu. Nimempiga picha mara nyingi, macho yanang'aa kwenye tochi.

Kwa hiyo "anayetembea ndiye mwenye macho" imekufa hapo, na "mwindaji ndiye mwenye macho" ilikufa zamani.

#16 NewBedford_Mswahili

Haijafa, imejeruhiwa. Spondylus ni ndugu wa karibu wa skalopu. Huenda alirithi macho kutoka kwa ukoo, akabandika mwamba baadaye, na macho yakabaki kwa sababu bado yana kazi. Kukaa mahali pamoja juu ya mwamba ni kukaa wazi vilevile. Na hata ndani ya skalopu wenyewe, waliopima wamekuta waogeleaji wazuri wanaona kwa usahihi zaidi kuliko waliojibandika. Macho wanayo wote, ubora unatofautiana.

#17 Kigamboni_Diver

Hapo umebadilisha hoja mkuu. Mwanzo ilikuwa nani ana macho, sasa ni nani ana macho mazuri. Hayo ni maswali mawili.

#18 Mtafiti_Mchanga

Kigamboni kagusa penyewe. Nasoma sayansi ya bahari, mwaka wa mwisho, na mada hii niliiwasilisha darasani.

Mwaka 2020 watafiti wa Brazili na Marekani waliupanga mti wa ukoo wa hawa wenye ganda mbili: skalopu, chaza, kombe wa jamii ya Arca na ndugu zao. Wakauliza, macho ya kwenye mnofu yalianza mara ngapi, na kwa nani? Jibu lao ni kwamba yalianza zaidi ya mara moja, kila ukoo kivyake, na yalianza kwa wale wanaoishi juu ya sakafu ya bahari, juu ya mawe na matumbawe. Koo zilizohamia kujizika mchangani ziliyapoteza. Kuyapata ni kugumu, kuyapoteza ni rahisi. Kwa hiyo Bamvua, hoja yako ya #1 ina watu wazito nyuma yake.

Ila tazameni yalivyotofautiana. Skalopu ana kioo. Tridacna ana tundu. Wale wa jamii ya Arca, wanaojifunga kwenye mawe kwa nyuzi, wana macho ya vipande vipande kama ya nzi, mengi, kila moja na vijicho vidogo ndani yake. Dan-Eric Nilsson wa Sweden aliyaeleza mwaka 1994 kama kengele za hatari: hayatengenezi picha ya maana, yanapiga kelele kivuli kinapopita. Maisha yaleyale ya kukaa juu ya mwamba, kazi ileile ya kulinda mlango, na bado ufundi wa aina tatu. Maisha yanaweza kueleza kwa nini jicho lipo. Hayaelezi kwa nini ni jicho la namna hii.

#19 MamaChaza_Fumba

Naomba niseme kidogo. Nimefanya kazi miaka miwili kwenye kituo cha kuzalisha chaza wachanga. Mabuu ya chaza yanaogelea, ni madogo kama vumbi, tunayaangalia kwa hadubini kila siku. Baada ya wiki mbili tatu hivi, kutegemea joto la maji, kila buu linatokeza doa jeusi. Hilo ni jicho. Sisi tukiliona jicho tunajua wako tayari, tunaweka maganda au kamba kwenye tangi waje washike. Wakishashika na kugeuka chaza, doa linapotea. Chaza mkubwa hana jicho tena.

Kwa hiyo mnabishana kombe gani ana macho. Mimi nawaambia chaza mmoja huyohuyo anakuwa nayo akitafuta nyumba, anayaacha akishaipata.

#20 Bamvua

Mama, hii sikuijua kabisa, na chaza nimekula maisha yangu yote. Kwa hiyo jicho linakuja kwa safari moja tu na kuondoka?

#21 MamaChaza_Fumba

Ndiyo mwanangu. Lakini usidhani mkubwa hajui kitu. Ukipita na mwili wako juu ya kamba za chaza jua likiwa nyuma yako, utasikia wanafunga, tak tak tak. Jicho hana, kivuli anakijua.

#22 Mcha_Mungu

Ndugu zangu, mimi naona mnajitaabisha. Mwenyezi Mungu kampa kila kiumbe kwa haja yake. Hata Darwin mwenyewe aliandika kuwa jicho haliwezi kutokea kwa mabadiliko madogo madogo, ni upuuzi.

#23 MwalimuWaViumbe

Ndugu yangu, imani yako naiheshimu na mimi ni mtu wa ibada vilevile. Ila kauli ya Darwin imekatwa katikati. Katika kitabu chake cha 1859 alianza kwa kusema wazo hilo linaonekana upuuzi mkubwa, kisha palepale akaendelea kueleza kwamba zikionekana ngazi kutoka jicho sahili hadi jicho gumu, kila ngazi ikiwa na faida kwa mwenye nayo, ugumu unaondoka. Na ngazi hizo wanyama wenye maganda wanazo karibu zote, hai, leo. Yule wa kofia anayeng'ang'ania mwambani, jamii ya Patella, ana kikombe kilicho wazi bila lenzi. Nautilasi ana tundu. Kome, hawa konokono wakubwa wa baharini, wana lenzi. Pweza ana jicho kamili.

#24 Mcha_Mungu

Ahsante kwa kunisahihisha kwa adabu. Nitausoma huo ukurasa wote.

#25 FundiMiwani

Nilsson aliyetajwa #18, yeye na Susanne Pelger mwaka huohuo wa 1994 walikadiria kwa hesabu ni vizazi vingapi vinahitajika kutoka kipande bapa cha ngozi inayohisi mwanga mpaka jicho lenye lenzi kama la samaki. Walipata takriban 364,000. Mnyama anayezaa kila mwaka angemaliza chini ya miaka nusu milioni.

#26 Kigamboni_Diver

Hesabu hiyo inatumiwa vibaya sana mitandaoni, fundi. Walihesabu umbo tu: kujipinda kwa shimo, kukaza kwa lenzi. Seli za kuhisi mwanga walianza nazo tayari, na ubongo wa kuisoma picha hawakuuhesabu.

#27 FundiMiwani

Kweli kabisa, na wao wenyewe waliliita kadirio la kuhofia, yaani walichagua vipimo vya kuchelewesha makusudi. Mimi nimelileta kuonyesha kwamba muda si kikwazo. Kikwazo kitafutwe kwingine.

#28 Mtafiti_Mchanga

Kwingine kwenyewe naleta sasa hivi: chitoni.

Mtu wa pwani anamjua hata kama hana jina lake. Amelala bapa juu ya mwamba maji yakipwa, mgongoni ana mapande manane ya ganda yaliyopangana kama vigae vya paa, ukijaribu kumng'oa anang'ang'ania. Pwani yetu yupo Acanthopleura gemmata. Jenasi hiyo ina macho juu ya ganda lenyewe, mgongoni, mamia. Lenzi zake ni za aragonaiti, madini yaleyale ya ganda. Anaona kupitia jiwe. Mwaka 2011 ilithibitishwa, kwa ndugu yake wa Karibea, kwamba lenzi hizo zinatengeneza picha: akionyeshwa duara jeusi anashtuka tofauti na anavyoshtuka mwanga ukipungua kwa kiasi kilekile.

Mwaka 2024 watafiti wakaja na jambo ambalo ndilo linanifanya nisiikubali hoja ya Bamvua moja kwa moja. Kwenye ukoo wa chitoni, kuona kumeanza mara nne tofauti. Mara mbili walipata macho yenye lenzi, machache kiasi na makubwa. Mara mbili walipata vidoa vya kuhisi mwanga, vidogo na vingi sana. Wote wanakaa juu ya miamba, wanakwangua ukungu wa majani, wanaogopa samaki na ndege. Sasa nini kiliamua nani apate lipi? Nyufa. Kwenye ukingo wa mapande ya ganda kuna nyufa ambazo mishipa ya fahamu hupitia. Waliokuwa na nyufa chache walipata macho ya lenzi. Waliokuwa na nyufa nyingi walipata vidoa. Nyufa zilikuwepo kabla ya macho, na hazikuwekwa kwa ajili ya macho.

Kwa hiyo kuna jambo ambalo si maisha ya mnyama. Ni nyumba aliyoirithi. Ukitaka kufunga umeme kwenye nyumba ya zamani unafuata mabomba yaliyokwishapita ukutani.

#29 NewBedford_Mswahili

Hii ya nyufa imenikalisha. Lakini nani alisema wote waishi juu ya mwamba wazi? Mwenye vidoa na mwenye lenzi wanaweza kuwa hawakai kwenye mwanga sawa.

#30 Mtafiti_Mchanga

Inawezekana, na tofauti za makazi zipo. Ila nyufa zinapangilia matokeo vizuri zaidi.

#31 KipepeoWaBahari

Narudi kwa Mkonjo na "mwindaji ndiye mwenye macho", maana hakuna aliyempa mfano mzuri kuliko wote. Chukua kome wawili wa bahari yetu. Mmoja ni wa jamii ya Strombus na yule ndugu yake mwenye pembe kama vidole, Lambis. Hawa wanakula majani na ukungu wa mchangani, wapole kabisa. Lakini macho yao yamekaa juu ya vikonyo, makubwa, yana lenzi, yana miduara ya rangi. Geuza ganda la Lambis uliweke majini, subiri dakika mbili, kikonyo kitatokeza na jicho litakutazama hasa. Wakilipoteza wanaliotesha upya.

Wa pili ni koni. Huyo ni mwindaji wa kweli, baadhi wanakamata samaki mzima kwa mshale wa sumu. Macho yake madogo, anatumia harufu kupitia bomba lake, na wengi wanawinda usiku.

Mla majani anaona, mla samaki ananusa. Na mmoja wa maadui wa Strombus ni koni huyohuyo.

#32 ShangaziTondo

Kwa kuwa koni ametajwa, wenye watoto nisikilizeni. Yule ganda lake zuri lenye michoro kama kitambaa, usimwokote kwa mkono wala usimtie mfukoni. Kuna aina inayoua mtu, na dawa ya kuondoa sumu yake haipo. Waambieni na wageni mnaowapeleka mwambani.

#33 Mkonjo_Wete

Shangazi amesema kweli. Kijijini kwetu tunamwacha alipo.

Kuhusu Kipepeo, nimeelewa. Basi aliwaye ndiye mwenye macho, si mwindaji. Lakini pweza wangu anawinda na analiwa.

#34 Doto_Mtwara

Na analiwa na sisi. Kwa nazi.

#35 ShangaziTondo

Pweza wa nazi achemshwe kwanza na maji yake mwenyewe, asitiwe chumvi mapema. Wengi wanakosea hapo anakuwa mpira. Samahani, endeleeni na macho.

#36 Kigamboni_Diver

Kuna upande mmoja hamjaugusa: giza. Kwenye kina kirefu kuna konokono wa jamii ya Solariellidae ambao koo zao zilizoshuka chini zilipoteza macho, na si mara moja, mara kadhaa kila ukoo peke yake. Hata ndugu wa mbali wa skalopu wanaoishi kina kirefu, wapo wasio na macho. Hapo sioni haja ya nyufa wala urithi. Jua halifiki, jicho ni gharama, linaondoka.

#37 MwalimuWaViumbe

Ila ngisi wakubwa sana nao wako huko gizani, na macho yao ndiyo makubwa kuliko ya mnyama yeyote, kama sentimita 27 kwa upana. Nilsson na wenzake walitoa wazo mwaka 2012 kwamba macho hayo ni ya kumwona nyangumi anayekuja, kwa ule mwanga wa viumbe vidogo vinavyowaka nyangumi anapovipita. Kwa hiyo giza lilelile limemnyima mmoja na kumzidishia mwingine.

#38 Kigamboni_Diver

Huyo anaweza kukimbia, mwalimu. Konokono ataona nyangumi halafu afanye nini?

#39 KipepeoWaBahari

Na mchanga nao una mambo yake. Kombe wa Ulaya, Cerastoderma edule, anajizika mchangani kabisa, lakini kwenye ncha za vimkia vinavyozunguka mirija yake ya kupumulia, ile inayochungulia juu, ana vijicho vidogo sana. Mwili umezikwa, macho yamebaki dirishani. Na huyo ni wa familia moja na Tridacna wa Bamvua. Sasa Tridacna alipata macho kwa sababu ya jua na miani, au ukoo wake ulishakuwa na mbegu ya macho kabla hajapanda mwambani?

#40 Mtafiti_Mchanga

Hilo ndilo swali nililoulizwa darasani nikakosa jibu.

#41 Bamvua

Wakuu, nimerudi. Juzi ilikuwa bamvua, nikaenda na bibi pwani asubuhi, maji yamekupwa hadi mbali. Kwenye kidimbwi nikakuta mirija miwili ya kombe wa mchangani inachungulia, mwili wote chini. Nikakaa upande ambao kivuli changu hakimfikii. Nikasubiri maji yatulie. Kisha nikapitisha kofia ya ukindu juu ya kidimbwi, bila kugusa maji.

Mirija ikazama.

Nikarudia mara sita. Mara nne za kwanza ilizama kabisa, ya tano ilisinyaa kidogo, ya sita haikujali. Nikamchimba, nikamwangalia mirija yote kwa lenzi ya kukuzia ambayo FundiMiwani alinielekeza inbox. Sikuona doa hata moja. Nimemrudisha mchangani.

Kwa hiyo hana macho na kivuli amekijua, kama chaza wa Mama wa Fumba. Sasa nauliza upya: kama ngozi peke yake inatosha kuijua hatari, yule wa Mafia anahitaji mamia ya macho ya nini?

#42 Kigamboni_Diver

Ngozi inakwambia giza limeingia. Haikwambii limetoka upande gani, wala kama kitu kinakuja bila kukutupia kivuli. Tridacna anajikunja hata kitu cheusi kikisogea pembeni yake bila kivuli kumgusa. Nenda Mafia ujaribu hilo.

#43 FundiMiwani

Na mara ya sita alipoacha kujali, hilo ni la jicho au la ubongo? Maana wa mchangani amejifunza bila jicho.

#44 MamaChaza_Fumba

Bamvua, bamvua ijayo njoo Fumba na hiyo kofia. Kamba ya kwanza ina chaza wa miezi mitatu, ya mwisho wana miaka miwili. Tuone nani anaanza kufunga.